Jiwe la Kijani na Mizani ya Haki



Jumapili moja wakati wa kiangazi, Misa ya pili ilipokwisha, kijana mmoja mchimbaji alinifuata nyuma ya sakristia, mkononi ameshika jiwe lililofungwa katika kitambaa. Alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili, na vidole vyake vilikuwa vingali na vumbi jekundu la shimo, lile lisilotoka hata kwa sabuni. Akaniambia, "Baba Padri, jiwe hili limetoka katika gunia langu. Jana asubuhi nilipeleka gunia hilo kwa mnunuzi mmoja. Mizani yake ikasema kilo 42, na mashine yake ya kupimia madini ikasema asilimia 6. Nikakataa. Nikalibeba hadi kwa mnunuzi mwingine, si mbali. Huko mizani ikasema kilo 51, na mashine ikasema asilimia 11. Je, jiwe laweza kugeuka kati ya saa nne na saa sita? Wenzangu wanasema kwamba shimo letu limetegwa dawa, nayo ndiyo inayoyageuza mawe yakitoka nje. Naogopa kurudi."

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache tu, kwa kuwa akina mama wenye watoto wa kubatizwa walikuwa wakiningoja. Jibu lililo kamili ni hili ninaloliandika hapa, si kwa ajili yake peke yake, bali kwa ajili ya wote wanaoishi kwa shaba na kobalti katika Kolwezi, Likasi, Fungurume na vijiji vya kando ya Lualaba. Na kwa ajili ya makatekista pia, ambao huulizwa maneno ya namna hii mara nyingi kuliko mapadri.

Tuanze na jiwe lenyewe. Wote mnalifahamu: ni la kijani, na likikatwa na kusuguliwa huonyesha mistari ya kijani kilichokolea na kijani kilichofifia, mmoja ndani ya mwingine, kama pete za mti. Wataalamu huliita malakiti. Mafundi wetu hulichonga shanga na sanamu, na wageni hulinunua kwa uzuri wake. Lakini uzuri ulio ndani yake ni mkubwa kuliko ule unaoonekana kwa macho.

Katika mwaka 1799 Mfaransa mmoja, jina lake Joseph Louis Proust, aliyekuwa akifundisha elimu ya kemia katika nchi ya Hispania, alichunguza kitu hiki hiki. Alitwaa ile iliyochimbwa ardhini. Kisha akatengeneza nyingine kwa mikono yake mwenyewe katika chumba chake cha kazi. Akazipima zote mbili kwa uangalifu mwingi. Akaona ya kuwa hazikutofautiana. Ile iliyotungwa katika kina cha ardhi, pasipo mtu kuiona, na ile iliyotungwa katika chupa siku chache tu, zilikuwa na sehemu zilezile za shaba na sehemu zilezile za vitu vingine. Mtaalamu mwingine mwenye sifa kubwa, Claude Louis Berthollet, alimpinga, wakabishana miaka mingi, na yasemekana walibishana kwa heshima, jambo ambalo si la kawaida kwa wenye elimu. Mwisho Proust ndiye aliyeshinda, na mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alieleza sababu yake: kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, nazo hushikamana kwa hesabu kamili. Katika malakiti, kila chembe 2 za shaba huambatana na 1 ya kaboni, 5 za oksijeni na 2 za haidrojeni. Si zaidi, wala si pungufu.

Kwa hiyo kilo 100 za malakiti safi hubeba kilo 57 na nusu za shaba. Ndivyo ilivyo katika malakiti ya Kolwezi, ndivyo ilivyo katika ile ya milima ya Ural katika nchi ya Urusi, na ndivyo ilivyokuwa kabla ya mtu wa kwanza kuuona mto Lualaba. Mwandishi wa kitabu cha Hekima, katika sura ya 11, akitafakari matendo ya Mungu, anakiri kwamba Muumba hakutengeneza kitu ovyo, bali kila kimoja alikigawia kadiri yake. Mtakatifu Agostino hakuchoka kulirudia fundisho hilo. Naye hakuwa na chupa za kemia. Aliliona kwa imani na kwa akili.

Basi, wewe mkatekumeni wangu, sikia. Hakuna dawa iliyotegwa shimoni iwezayo kuondoa hata chembe moja ya shaba katika jiwe hilo. Yeye aliyeifunga shaba kwa kaboni katika hesabu ile hakumwachia mganga ufunguo. Woga wako ulielekea mahali pasipopaswa.

Lakini lazima niseme kweli yote, nisije nikamdhulumu mtu. Malakiti ni moja, na gunia ni jambo lingine. Ndani ya gunia mna malakiti, mna udongo, mna mawe matupu, mna maji kama mvua imenyesha. Mashine ile ya asilimia huona tu uso wa kile kilichowekwa mbele yake. Ukiweka konzi hii itasema hivi, ukiweka konzi ile itasema vile. Kwa hiyo asilimia 6 na asilimia 11 zaweza kutoka katika gunia moja pasipo uongo wa mtu, ingawa zaweza pia kutoka kwa uongo, kwa kuchagua konzi iliyo mbaya makusudi. Ila kilo 42 na kilo 51 haziwezi. Uzito wa gunia haubadiliki kwa sababu limebebwa kutoka mlango huu hadi mlango ule. Hapo mmoja wa hao wawili alikuwa na mizani iliyopotoshwa, nasi tutalirudia jambo hili.

Kwanza nataka tuwakumbuke wazee wetu, maana wao nao walijua kupima. Karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, watu wa nchi hii waliyeyusha shaba. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno ya mtama, waliacha vijiji wakaenda kupiga kambi karibu na vilima vya mawe ya kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa huuponda udongo ule ukawa mgumu na wa kustahimili moto, wakapanga makaa na mawe, wakavuta mivukuto. Moto uliifukuza hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, na makaa yakaivuta oksijeni kutoka kwa shaba, hata chuma kile chekundu kikatiririka chini. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba, kwa maana shaba ndiyo iliyowalisha. Fundi aliyekosea kadiri ya makaa, au aliyelegeza mvukuto kabla ya wakati, alipata donge lisilofaa kitu, na kazi ya siku nyingi ikapotea. Hakuwa na kitabu cha Proust, lakini mikono yake ilijua kwamba moto hausamehe hesabu mbaya.

Shaba ile waliimimina katika kalibu, ikawa na umbo la msalaba wenye mikono minne. Mwaka 1957 Mbelgiji mmoja, Jacques Nenquin, alichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambalo mto wetu huu wa Lualaba hulifikia baada ya kupita Bukama. Katika makaburi ya huko wataalamu wameikuta misalaba ya shaba imelazwa pamoja na wafu. Nao wameona jambo la kutafakari: kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo, na ukubwa wake ukazidi kulingana mmoja na mwingine. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa imekuwa fedha. Mtu aliyepokea msalaba mmoja kwa mbuzi au kwa jembe alitaka kujua kwamba msalaba ule ni sawa na wa jirani yake. Kulingana kwa vipimo kulikuwa ahadi kati ya watu wasiofahamiana. Baadaye umbo hilo likawekwa katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960 na katika sarafu za mwaka 1961. Watoto walioshika sarafu zile sasa ni wazee.

Wahubiri wengine wamependa kusema kwamba wazee, kwa kuufanya msalaba ule, waliitabiri Injili. Mimi sisemi hivyo. Wazee walifanya umbo lililo rahisi kushika, kufunga na kubeba, nasi tusiwatie kinywani maneno ambayo hawakuyasema. Inatosha kusema kwamba walikuwa waaminifu katika kipimo, na uaminifu huo ni mbegu ambayo Injili iliikuta shambani tayari.

Mara ukianza kutazama namna hii, utaona hesabu mahali pengi. Shika shina la muhogo uliochumwa sombe. Anza na jani moja, panda juu ukihesabu: jani la tano baada yake litasimama karibu sawasawa juu ya lile la kwanza, nawe utakuwa umelizunguka shina mara 2. Chukua nanasi, uzihesabu safu za macho yake zinazopanda kwa mshazari: aghalabu ni 8 kwa upande huu na 13 kwa upande ule. Katika ua la alizeti mara nyingi ni 34 na 55. Hesabu hizi zote, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, ni za ukoo mmoja, kwani kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Leonardo wa Pisa aliziandika katika kitabu chake mwaka 1202, akihesabu sungura, wala hakuwaza nanasi. Mmea haujui hesabu. Kila chipukizi jipya huota tu mahali penye nafasi kubwa kuliko penginepo, lisizibwe na ndugu zake, na katika kupeana nafasi hivyo mpango ule hujitokeza.

Ukizigawanya hesabu hizo, kila moja kwa ile iliyo kabla yake, utakaribia 1.618. Mfransisko mmoja, Fra Luca Pacioli, alichapisha kitabu huko Venice mwaka 1509 juu ya kadiri hii, akaiita ya kimungu, na Leonardo da Vinci akamchorea picha zake. Tangu hapo watu wengi wameitafuta kila mahali, katika nyuso za watu, katika piramidi, katika kila kanisa la kale, na wakiikosa huinyosha mpaka iingie. Hilo si jambo la heshima kwa Muumba. Malakiti haifuati 1.618, wala gita haliifuati. Mungu hakuishiwa na hesabu hata atumie moja tu. Na katika chuma cha shaba kila chembe huguswa na nyingine 12, lakini sitawaambia kwamba hao ni Mitume.

Nimelitaja gita. Vijana wa Katanga wamelijua sana tangu siku za Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952 huko Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Pima uzi wa gita. Ukiubana katikati kabisa, sauti ni ileile iliyopanda juu. Ukiacha theluthi mbili zake zilie, utasikia ile sauti inayopatana nayo vizuri kuliko zote. Kwaya zetu zinajua hayo kwa sikio. Vivyo hivyo kengele inayowaita ninyi kanisani: fundi huchanganya sehemu 78 za shaba na sehemu 22 za bati. Bati ikipungua mno, sauti hufifia. Ikizidi mno, kengele hupasuka kwa pigo la kwanza. Shaba ya Kolwezi na bati ya Manono zaweza kuimba pamoja, lakini kwa kadiri hiyo tu.

Sasa nirudi kwenye mizani, kwa maana huko ndiko jambo linakouma.

Mungu aliyeipa malakiti hesabu yake amewapa wanadamu pia sheria juu ya vipimo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, anamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja zito la kununulia na moja jepesi la kuuzia. Nabii Amosi aliwakaripia wafanya biashara waliokuwa wakingoja sikukuu ipite upesi ili wapate kuwapunja maskini kwa mizani ya hila. Wao nao, bila shaka, walikuwa wakisali. Kanisa linafundisha katika Amri ya Saba kwamba kumpunja mtu katika uzito ni wizi ulio sawa na kuvunja mlango usiku. Na kwamba mwizi hawezi kuondolewa dhambi akikusudia kukaa na mali aliyoiiba. Lazima arudishe. Zakayo, alipoingiliwa na Bwana nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anasikitika: alitaja hesabu, mara nne.

Ninyi mnaoishi hapa mnajua kilo 9 ni nini. Mchimbaji ameshuka ndani ya shimo kwa kamba, ameacha mke wake akimwombea, ametoka na gunia. Katika gunia hilo mmo karo ya mtoto, mna unga wa juma zima. Tangu watu wa mtaa wa Kasulo walipoanza mwaka 2014 kuchimba hata ndani ya nyumba zao, hakuna asiyemjua mtu aliyezikwa na udongo. Anayegusa mizani kwa kidole chake hapati kilo 9 za mawe. Anakula hofu ya mke yule.

Lakini, wapendwa, nilimwuliza kijana wangu swali moja, naye hakulitazamia. Nilimwambia, "Mwanangu, gunia lako, kule chini, lina nini?" Akanyamaza. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema polepole kwamba chini mlikuwa na udongo aliounyunyizia maji, na mawe matupu yaliyopakwa vumbi la kijani. Kila mmoja hufanya hivyo, alisema, kwa kuwa wanunuzi hupunja. Na wanunuzi nao husema kwamba hupunja kwa kuwa kila mchimbaji hufanya hivyo. Ndivyo uongo unavyopeana nafasi, kama majani ya muhogo. Nilimwambia kwamba yule wa pili, mwenye kilo 51, yawezekana ndiye mtu mwaminifu katika habari yote hii.

Neno moja bado, kwa makatekista, kwani najua litaulizwa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, tunasoma habari za Hiramu wa Tiro, fundi wa shaba, mwana wa mjane, aliyemfanyia mfalme Sulemani vyombo vya Hekalu. Alisubu birika kubwa la mviringo, upana wake dhiraa 10 na mzingo wake dhiraa 30. Mtoto wa shule akipiga hesabu ataona kwamba mzingo ungepaswa kuzidi kidogo dhiraa 31. Msimkemee. Mwandishi alitaja hesabu ya mviringo kama sisi tunavyosema soko lina watu mia. Hakuwa akiwaagiza mafundi. Lakini mwishoni mwa habari ile mna jambo ninalolipenda kuliko birika lenyewe. Nguzo zilipimwa, birika lilipimwa, dhiraa zote zikaandikwa; ila uzito wa shaba iliyotumiwa haukupimwa kamwe, kwa wingi wake. Ninyi mnaouza kwa kilo, fikirini hilo. Kilichokuwa cha jirani kilipimwa kwa haki; kilichotolewa kwa Mungu hakuna aliyekiweka mizanini.

Juma lililofuata kijana yule aliyaleta mawe yake uani mwa parokia. Yeye na ndugu zake wawili walilimwaga gunia lote chini ya mwembe, wakachambua kwa mikono tangu adhuhuri hadi jua kutua. Kabla ya kuchambua, mizani yetu ya maharage ya maskini ilisema kilo 50. Baada ya kuchambua ilisema kilo 36. Alikaa akizitazama zile kilo 14 zilizobaki chini, udongo na mawe matupu, kwa muda mrefu kidogo. Kisha akabeba gunia begani, akaenda nalo kwa mnunuzi yule wa pili, na kabla ya kuliweka mizanini akamwambia uzito wake na yaliyokuwamo siku ile ya kwanza.

Sijui walisemezana nini zaidi. Ila Jumamosi iliyofuata wachimbaji sita walikuja kuomba mizani ya parokia, na nyingine wakaja kumi na mmoja. Masista wamekwisha kulalamika mara mbili kwamba maharage yao yanatoka na vumbi la kijani.